Kontrola ya RAID inapoyumba: kutafuta chanzo na kuchagua kadi mbadala

Diski mbili zinatoka kwenye safu ya RAID, yaani kundi la diski ambazo kadi ya kontrola huziunganisha zifanye kazi kama moja, ndani ya dakika moja. Seva inaganda kwa nusu dakika, kisha inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kesho yake diski zile zile zinapimwa na zinaonekana nzima. Hapo mafundi wengi huagiza kontrola mpya, wakaifunga, na baada ya wiki chache tatizo likarudi kwa sababu kosa lilikuwa kwenye kebo. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: kadi iliyokwisha kuharibika kweli inabembelezwa kwa kuwashwa na kuzimwa mpaka inaandika takataka juu ya data. Kwa hiyo kadi ichunguzwe mwisho, lakini ikithibitika kuwa mbovu, isipewe nafasi ya pili.

Mfano wetu ni Dell PowerEdge R720 yenye kontrola ya PERC H710 na diski nane za SAS (aina ya kiunganishi cha diski za seva) kwenye RAID 6, ikiendeshwa na Linux. H710 imejengwa juu ya chipu ya LSI SAS2208, ile ile iliyo ndani ya MegaRAID 9271-8i, kwa hiyo amri za `perccli64`, programu ya Dell ya kuiamuru kadi, ndizo za `storcli64` ya LSI; badilisha jina tu. Wenye HP Smart Array watatumia `ssacli`, na mpangilio wa kazi ni ule ule.

Hatua ya 1: Okoa data kabla ya kugusa chochote

Kama safu bado inasomeka, nakili data yote kwenye mashine nyingine sasa hivi, hata kama kuna chelezo (nakala ya akiba) ya jana usiku. Fungua mafaili machache ya chelezo hiyo uhakikishe yanafunguka kweli. Zima kazi zote zinazoipa safu mzigo bila sababu: ukaguzi wa uwiano, doria ya kusoma diski, na ujenzi upya unaoanza wenyewe.

```
perccli64 /c0 set patrolread=off
perccli64 /c0/vall stop cc
perccli64 /c0 set autorebuild=off
```

Mambo matatu ni mwiko katika hatua hii. Usianzishe upya safu kwa `init`, hata ile ya haraka. Usifute usanidi wa kigeni (foreign configuration, yaani maelezo ya safu ambayo kadi imeyakuta kwenye diski) kadi inapokuuliza wakati wa kuwaka. Na usiilazimishe kurudi kazini diski iliyotoka siku kadhaa zilizopita: data yake imepitwa na wakati, na RAID 5 au 6 ikianza kuchanganya vipande vya zamani na vipya, hakuna programu itakayovitenganisha. Ikiwa ni lazima kulazimisha diski, ilazimishwe ile iliyotoka mwisho, na kabla ya hapo kila diski iwe imenakiliwa kwa `ddrescue`, programu ya kunakili diski zenye kasoro.

Hatua ya 2: Andika hali ilivyo

```
perccli64 /c0 show all > /root/c0.txt
perccli64 /c0/vall show all > /root/vd.txt
perccli64 /c0/eall/sall show all > /root/diski.txt
perccli64 /c0/bbu show all > /root/betri.txt
perccli64 /c0 show events file=/root/matukio.txt
perccli64 /c0 show termlog > /root/termlog.txt
perccli64 /c0 get config file=/root/c0.cfg
dmesg -T > /root/dmesg.txt
```

Mafaili haya yatoe nje ya seva. Kisha andika kwenye karatasi namba ya mfululizo (serial number) ya diski iliyo katika kila sloti, au piga picha za lebo. Huonekana kazi ya bure mpaka diski nane ziwe mezani na hakuna anayekumbuka ipi ilitoka wapi. Kadi hizi hutambua diski kwa metadata iliyoandikwa mwishoni mwa kila diski, kwa hiyo kuchanganya sloti huku seva imezimwa si msiba. Ila wewe mwenyewe utapotea kwenye uchunguzi.

Hatua ya 3: Soma hesabu za makosa

Fungua `diski.txt`. Kila diski ina mistari mitatu ya kutazama. `Media Error Count` ikipanda, uso wa diski yenyewe umechoka, badilisha diski. `Predictive Failure Count` ikiwa zaidi ya sifuri, SMART, mfumo wa diski wa kujipima, imeshatoa onyo, badilisha diski. `Other Error Count` ndiyo yenye siri nyingi: huhesabu makosa ya mawasiliano, yaani kebo, bekipleni (bodi ambamo diski huchomekwa), umeme au kadi.

Tazama umbo la makosa hayo. Yakiwa kwenye diski moja tu, shuku diski au sloti yake. Yakiwa kwenye diski nne za jirani na nyingine nne zikawa safi, shuku kebo: kebo moja ya SFF-8087 hubeba njia nne, na kwenye bekipleni ya diski nane isiyo na ekspanda (chipu ya kugawa njia kwa diski nyingi), kila kebo hulisha sloti nne. Zote nane zikiwa na makosa yaliyotokea kwa wakati mmoja, umeme au kadi.

Kupima zaidi:

```
perccli64 /c0/e32/s4 show phyerrorcounters
smartctl -a -d megaraid,4 /dev/sda
```

Namba 32 na 4 zitoe kwenye orodha yako. Kwa `smartctl`, namba baada ya `megaraid` ni ile ya safu wima ya `DID`, si namba ya sloti. Kwa diski za SATA tazama sifa ya 199, inayohesabu makosa ya CRC, yaani data iliyoharibika njiani kwenye waya. Hesabu hiyo hairudi sifuri hata ukibadilisha kebo, kwa hiyo cha kuangalia ni kama inaendelea kupanda.

Kwenye `dmesg.txt` tafuta mistari ya `megaraid_sas`. Maneno `FW in FAULT state` yana maana kwamba programu ya ndani ya kadi, yaani famweya, ilianguka na draiva ikalazimika kuiwasha upya. Kwenye Windows dalili inayofanana na hii ni tukio namba 129, kifaa kuwashwa upya, na namba 153, ombi kurudiwa. Lakini hayo mawili hutokea pia kwa diski moja inayochelewa kujibu, kwa hiyo peke yake hayaihukumu kadi.

Hatua ya 4: Kebo, bekipleni na umeme

Zima seva na uchomoe nyaya za umeme. Toa kila kebo ya SAS, tazama pini kama zimeinama au kuna vumbi, irudishe mpaka usikie mlio wa kushika. Kisha fanya jaribio la kubadilishana: diski yenye makosa iweke sloti nyingine, washa, ipe mzigo wa kusoma, soma hesabu upya. Makosa yakihama na diski, ni diski. Yakibaki kwenye sloti, badilishana kebo mbili kwenye upande wa kadi. Yakihamia diski nne nyingine, ni mlango wa kadi. Yakibaki pale pale, ni kebo au bekipleni, na kebo mpya ndiyo itakayoamua kati ya hivyo viwili. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha kebo na famweya siku moja, tatizo likitoweka hutajua dawa ilikuwa ipi.

Katika seva za kuunganishwa mtaani, umeme ndio mchawi wa kawaida. Diski ya inchi 3.5 huweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12 inapoanza kuzunguka. Diski nane zikianza pamoja ni ampea 16, yaani wati 192, zikivutwa kwa sekunde chache kupitia kiunganishi ambacho huenda kimegawanywa kwa kigawanyio cha bei rahisi. Pima kwa mita wakati wa kuwaka: laini ya volti 12 isishuke chini ya 11.4, na ya volti 5 isishuke chini ya 4.75. Kadi nyingi huweza kuwasha diski mojamoja kwa kupishana. Washa mpangilio huo kabla ya kununua pawa saplai mpya.

Hatua ya 5: Diski zisizofaa kwa RAID

Hapa ndipo kontrola nyingi nzima hutupwa. Diski ya kompyuta ya mezani ikikutana na sekta ngumu hujaribu kuisoma tena na tena, pengine kwa dakika nzima. Kontrola haisubiri muda huo. Baada ya sekunde chache inahesabu diski imekufa na kuitoa. Ukiipima peke yake, diski ni nzima. Angalia kama ina kikomo cha muda:

```
smartctl -l scterc -d megaraid,4 /dev/sda
```

Jibu zuri ni sekunde 7 kwa kusoma na 7 kwa kuandika. Diski ya SATA ikisema haiwezi mpangilio huo, haifai kukaa nyuma ya kontrola ya RAID, iwe mpya kiasi gani.

Kundi jingine ni diski za SMR, ambazo mistari yake ya data hupandana kama vigae. Husoma vizuri, lakini ujenzi upya wa safu huzilemea mpaka zinaacha kujibu. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya WD Red za terabaiti 2 hadi 6, zenye EFAX kwenye jina la modeli, zilikuwa za aina hii. Kagua namba ya modeli, si rangi ya lebo.

Hatua ya 6: Betri na kache

Watumiaji wakilalamika kwamba seva imekuwa nzito ghafla bila kosa lolote kwenye diski, anza hapa. Tazama safu wima ya `Cache` kwa:

```
perccli64 /c0/vall show
```

`RWBD` ni hali nzuri: kadi inapokea data ya kuandikwa kwenye kache, yaani kumbukumbu yake ya muda, na kujibu papo hapo. `RWTD` maana yake kila andiko linasubiri diski, na kwa RAID 6 tofauti ya kasi husikika mpaka kwa karani wa mapokezi. Kadi huhamia hali hiyo yenyewe betri inapochoka, ili umeme ukikatika isipoteze kilichomo kwenye kache. Kwenye `betri.txt` tafuta mstari wa kuhitaji betri mpya, na linganisha uwezo wa sasa na ule wa kiwandani. Ukiwa chini ya nusu, badilisha betri. Kadi za zamani pia hushuka kasi kwa saa kadhaa kila zinapojipima betri, na hilo si ugonjwa.

Usiwashe hali ya `AWB`, inayoandika kwenye kache hata betri ikiwa imekufa. Pale umeme unapokatika mara kwa mara, mpangilio huo ni kamari.

Ukiagiza betri kutoka nje, panga muda mrefu. Tangu Aprili 2016, betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria, na mawakala wengine huzikataa kabisa. Betri iliyokaa miaka mitatu kwenye rafu ya duka si mpya. Hii ni sababu nzuri ya kupendelea kadi zinazotumia kapasita, kama CacheVault ya LSI: umeme ukikatika, kapasita hulisha kadi mpaka kache inakiliwe kwenye flashi, na baada ya hapo data hukaa salama bila umeme.

Hatua ya 7: Joto

Chipu ya SAS2208 ina joto kali. Kadi hizi zilibuniwa kwa seva zenye feni zinazopuliza moja kwa moja. LSI hutaka hewa isiyopungua futi 200 kwa dakika juu ya kadi, sawa na takriban mita 1 kwa sekunde. Ndani ya kasha la kompyuta ya kawaida hewa hiyo haipo. Soma mstari wa `ROC temperature` kwenye `c0.txt`. Chini ya nyuzi 80 tunaiacha. Kati ya 80 na 90 tunaongeza feni. Ikizidi 90 mchana wa Dar es Salaam au Mombasa, usitafute sababu nyingine kabla ya kuipoza. Feni ya milimita 40 au 80 ikielekezwa kwenye kipozeo humaliza tatizo. Kwa kadi ya miaka kumi, toa kipozeo, safisha pasta iliyokauka kwa spiriti, paka mpya, na angalia kama pini za plastiki bado zinashika kwa nguvu.

Hatua ya 8: Sloti na famweya

```
lspci -vv -s 03:00.0 | grep -E 'LnkCap|LnkSta'
```

Anwani 03:00.0 badilisha kwa ile ya kadi yako kwenye `lspci`, kisha linganisha mistari miwili. Kadi ya njia 8 ikiwa imeunganishwa kwa 4 au 1, itoe, futa miguu yake ya dhahabu kwa spiriti, jaribu sloti nyingine. Kwenye `dmesg` mistari ya `DMAR` yenye neno `fault` huelekeza kwenye mgongano na IOMMU, sehemu ya mashine inayodhibiti kadi zinapofikia kumbukumbu. Jaribu kuizima kwenye BIOS.

Famweya iwekwe toleo jipya la mtengenezaji wa seva, wakati safu ni nzima tu. Usiiguse safu ikiwa imepungukiwa diski au inajengwa upya.

Hatua ya 9: Hukumu

Kadi ni mbovu kama, baada ya yote hayo, unaona moja ya haya: `Memory Uncorrectable Errors` zaidi ya sifuri, `FW in FAULT state` inarudi wakati joto liko chini na famweya ni mpya, diski za kebo zote mbili zinapotea kwa pamoja huku umeme ukiwa sawa, au kadi haionekani kabisa seva inapowaka, hata kwenye mashine nyingine. `Memory Correctable Errors` chache si hukumu, lakini zikipanda kila siku, agiza kadi. Kwenye HP P410 kumbukumbu ya kache huchomoka, kwa hiyo badilisha moduli hiyo kwanza; ni nafuu kuliko kadi.

Kuchagua kadi mbadala

Swali la kwanza ni kama unahitaji kadi isome safu iliyopo. Kama chelezo ni dhaifu au huwezi kusimamisha kazi siku mbili, nunua kadi ya modeli ile ile, au ya kizazi kipya cha ukoo huo huo. Kwa kawaida kadi mpya ya MegaRAID husoma safu ya kadi ya zamani, lakini usitegemee kurudi nyuma baadaye. Kutoka LSI kwenda HP au Adaptec hakuna kusomana.

Kama chelezo ni kamili, maoni yetu ni kwamba ofisi nyingi ndogo hazihitaji tena kontrola ya RAID. HBA ya kawaida (kadi inayounganisha diski tu, bila RAID) pamoja na `mdadm` au ZFS, zinazofanya kazi ya RAID kwa programu, inaondoa betri, inaondoa metadata ya kampuni moja, na seva ikifa unahamisha diski kwenye mashine yoyote yenye Linux. Bado kontrola ya RAID ina haki yake kwenye VMware ESXi, ambako hakuna RAID ya programu kwa diski za ndani, na kwenye Windows ya zamani. Hifadhidata inayoandikwa mara nyingi itakosa ile kache, basi iwekee SSD yenye ulinzi dhidi ya kukatika kwa umeme.

Kwa HBA, LSI 9207-8i yenye chipu ya SAS2308 inatosha kwa diski za kuzunguka. 9300-8i yenye SAS3008 ni bora kwa SSD. Hakikisha ina famweya ya IT, inayopitisha diski kama zilivyo. Kwa SAS2008 na SAS2308 toleo linaloaminika ni 20.00.07.00, yale ya mwanzo ya mfululizo wa 20 yalikuwa na matatizo. Usijaribu kuunda diski za RAID 0 mojamoja juu ya kontrola ili kuilisha ZFS: kontrola bado inasimama katikati, na ikifa unarudi ulikoanza.

Kabla ya kulipa, kagua mfumo endeshi wako. RHEL 8, Linux ya kampuni ya Red Hat, iliondoa msaada wa SAS2008 na wa PERC H310 na H700. ELRepo, hazina ya programu za ziada za RHEL, hutoa draiva za nje, lakini ni mzigo kila keneli inapobadilika. ESXi 7.0 iliacha draiva zote za vmklinux (za mtindo wa zamani, zilizotoka Linux), na kadi nyingi za zamani zikaachwa nazo. PERC 5/i na 6/i hazioni zaidi ya terabaiti 2 kwa diski. Usizipokee hata bure.

Kagua na kebo pia. Kadi za SAS ya gigabiti 6 hutumia SFF-8087, za gigabiti 12 hutumia SFF-8643, kwa hiyo kuhama kizazi ni kununua kebo mbili. Kebo ya kugawa mlango mmoja kuwa diski nne za SATA ina mwelekeo. Ya kinyume inafanana nayo kwa macho lakini diski hazitaonekana. Kwenye R720 kadi ndogo ya ndani ina tabia yake: ukiiwekea famweya isiyo ya Dell, seva inaweza kuikataa kwenye sloti hiyo, hivyo HBA ya kawaida iweke kwenye sloti ya PCIe.

Sokoni, kadi iliyotolewa kwenye seva ya Dell, Fujitsu au Lenovo ni salama kuliko 9300-8i «mpya kabisa» kwa bei ya kutupa. Nakala bandia ni nyingi. Omba kuiona ikiwaka, ikiwa na diski angalau mbili, na namba zake za mfululizo zikisomeka kwenye `show all`.

Kufunga kadi ya ukoo uleule

Mwaga kache kwa `perccli64 /c0 flushcache`, kisha zima kwa utaratibu. Vuta diski zote sentimita mbili nje. Funga kadi mpya peke yake, washa, weka famweya, hakikisha haina usanidi wa zamani, na acha betri ijae. Zima, sukuma diski, washa. Kadi itatangaza usanidi wa kigeni, tazama kwanza:

```
perccli64 /c0/fall import preview
```

Ukiona safu nzima na diski nane, ingiza kwa `perccli64 /c0/fall import`. Ukiona pungufu, zima na utafute diski inayokosekana. Baada ya kuingiza, unganisha mfumo wa mafaili (mount) kwa kusoma tu: ext4 kwa `-o ro,noload`, XFS kwa `-o ro,norecovery`. Mafaili yakisomeka, uunganishe upya kikamilifu, endesha `perccli64 /c0/v0 start cc`, na rudisha doria na ujenzi upya ulivyozima hatua ya 1.

Kuhamia HBA

Chelezo ziwe mbili, maana diski zitafutwa. Futa metadata ya zamani kwa `wipefs -a` kwenye kila diski. Diski zilizotoka kwenye kabati za hifadhi zaweza kuwa na sekta za baiti 520, na Linux itazikataa; zirekebishe kwa `sg_format --format --size=512`, kazi ya saa kadhaa kwa kila diski. Unda safu kwa majina ya `/dev/disk/by-id`, kwani herufi za `sda` huhama. Kwa ZFS ni `raidz2` na `ashift=12`. Weka mfumo endeshi kwenye SSD mbili za SATA nje ya HBA ili seva iwake hata kadi ikigoma. Unganisha UPS na NUT, programu inayofuatilia UPS, izime seva yenyewe umeme ukikatika, na `smartd` itume barua pepe diski inapoanza kuumwa. Tuma ya majaribio kwa `-M test`.

Kadi ya zamani ichomolewe betri, iandikwe kwa kalamu isiyofutika MBOVU, tarehe na kosa lililoonekana, ikae mwezi mmoja mpaka safu mpya izoeleke, kisha itupwe.